Bia ya kunywa leo na bia ya kulaza

Kwetu Marangu bia ni ya leo. Mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa, inalala, inatiwa ulezi, na ikiwa tayari watu wanaitana. Kesho yake imeshakuwa kali, keshokutwa imechacha, na hakuna mwenye akili timamu anayeifungia kabatini ili aje kuinywa baada ya miaka. Ndiyo maana mdogo wangu alipoona kwenye grupu la familia picha ya kreti zangu, chupa zimeota vumbi na vizibo vimeandikwa mwaka, alinipigia papo hapo. "Dada, hizo za 2019 si zimeshaharibika? Mwaga kabla hujaua mtu."

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu basi lilikuwa linakuja. Jibu refu ndilo hili.

Tunaishi Mechelen, Ubelgiji, katikati ya Brussels na Antwerp, kwenye nyumba ya matofali iliyobanwa na za majirani kushoto na kulia. Chini ya sebule kuna stoo ya ardhini: ngazi za mawe, dari la kumfanya Baba Neema atembee ameinama, na sakafu yenye unyevunyevu mwaka mzima. Zamani watu waliweka makaa na viazi humo. Sisi tumeweka boila ya gesi, baiskeli mbovu mbili, na bia. Nimetundika kipimajoto kwenye msumari. Januari kinasoma nyuzi 10 au 11, na kiangazi kikipamba moto huku juu, mle chini kinafika 16 kwa kujivuta. Huko kujivuta ndiko kunakonifurahisha. Chupa haisumbuliwi sana na nyuzi mbili tatu za ziada. Inasumbuliwa na joto lenyewe likizidi, na ukuta wa upande wa boila siugusi kabisa.

Sababu ni hii. Kwenye shingo ya kila chupa kuna hewa kidogo iliyobaki, na oksijeni iliyomo humo huanza kazi siku hiyo hiyo bia inapofungwa. Joto linaiharakisha. Wakemia wana kanuni ya makadirio kwamba ukiongeza nyuzi 10, kazi ya namna hiyo inakwenda kama mara mbili. Kwa hiyo miezi sita kwenye stoo yangu na miezi sita juu ya friji ya jikoni si miezi sita ileile. Kwenye bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, matokeo ya oksijeni ni ladha ya boksi lililoloa. Bia hizo nyingi zimechujwa hamira yote na kupashwa moto kuua kilichobaki. Ni safi, ni imara, lakini hakuna kilicho hai ndani cha kujitetea. Tangu zinapotoka kiwandani njia yao ni moja, ya kushuka. Zinyweni. Vilevile zile zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), zinazonukia maembe na maganda ya chungwa: harufu hiyo ndiyo ya kwanza kuondoka, na ndiyo uliyoilipia.

Sasa za kulaza. Mimi naangalia mambo matatu: kilevi kingi, rangi nyeusi, na hamira iliyo hai chupani. Zikikutana zote, kama kwenye Rochefort 10, bia ya hapa Ubelgiji yenye kilevi cha asilimia 11.3, una sababu ya kununua kreti na kuinyamazia. Ikiwa changa inachoma kooni na utamu wake uko mbele mno. Baada ya miaka mitatu minne makali yanatulia, na oksijeni ileile iliyokuwa inaharibu bia nyepesi inaleta tende, zabibu kavu, sukari guru. Lakini haiendi hivyo milele. Hamira iliyokufa chini ya chupa huanza kupasuka na kumwaga vilivyomo ndani yake, bia inapata ladha ya mchuzi wa soya na mwili wake unakuwa mwembamba. Kuna watu hapa wanaojisifia chupa za miaka ishirini kama wanavyojisifia wajukuu. Nimeonjeshwa kadhaa. Nyingi zilikuwa za heshima tu, yaani unatikisa kichwa, unasema "naam", kisha unaomba maji. Kwangu mimi Rochefort ikipita mwaka wa sita imeshachelewa.

Orval ni hadithi nyingine na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Watawa wa abasia hiyo, kusini kabisa mwa Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa, wanapeleka sokoni bia ya aina moja tu. Wakati wa kuitia chupani wanaiongeza Brettanomyces, hamira ya porini ambayo watengenezaji wengine wengi wanaifukuza kwa dawa. Hamira ya kawaida ikishiba inaacha sukari fulani isizoweza kuzimeng'enya. Hii inaendelea kuzila taratibu, mwezi baada ya mwezi, ndani ya chupa iliyofungwa. Bia inakauka, gesi inaongezeka, hata kilevi kinapanda kidogo kupita ile 6.2 ya kwenye lebo. Na kwenye lebo hiyohiyo wanakuandikia siku ilipotiwa chupani, pamoja na tarehe ya mwisho, miaka mitano mbele. Laiti wote wangefanya hivyo.

Changa ina uchungu safi wa hopsi na harufu ya ganda la chungwa. Ikifika miezi sita hivi harufu hiyo inarudi nyuma, na mahali pake panaingia ngozi, nyasi kavu, zizi. Baa kadhaa za hapa zina zote mbili, na mhudumu anakuuliza unataka changa au ya zamani, vile vile kama Arusha unavyoulizwa ya moto au ya baridi. Wifi yangu alipotutembelea kutoka Arusha nilimfungulia mbili kwa pamoja, ya miezi mitatu na ya miaka mitatu, kila moja kwenye glasi yake. Ya zamani ilipanda povu zito, jeupe, likakataa kushuka, ikabidi tungoje. Akainusa, akanitazama. "Wifi, hii imelala na mbuzi." Sikubishana, ndivyo inavyonuka. Akanirudishia na kuchukua ile changa niliyokuwa nimeshaianza mimi. Kwa mdomo wangu, Orval ya mwaka mmoja ndiyo yenyewe: uchungu bado upo na mbuzi hajawa mwenye nyumba.

Halafu kuna gueuze, bia chachu ya hapa, ambayo kwa mtu aliyekulia kwenye mbege haina haja ya maelezo marefu. Inatoka bonde la mto Zenne na vijiji vya Pajottenland, pembeni mwa Brussels. Maji ya kimea yaliyochemshwa na hopsi yanamwagwa kwenye sinia kubwa la chuma, wazi, usiku wa majira ya baridi, na vijidudu vya hewani vinaingia vyenyewe. Hakuna anayetia hamira. Cantillon pale Anderlecht, kiwanda kilichoanzishwa 1900, wanafanya hivyo mpaka leo. Kinachopatikana, lambiki, kinalala kwenye mapipa ya mbao. Kisha ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu zinachanganywa na kutiwa chupani, ile changa ikileta sukari ya kuchachusha upya. Hata hopsi wanazotumia ni za zamani, zimelazwa makusudi mpaka uchungu wake unapungua, maana wanachotaka kwao ni kinga tu. Oude Geuze Boon inaandikwa tarehe ya mwisho ya miaka ishirini, na kilevi chake ni cha kawaida tu. Kinachoilinda ni ukali. Bia iliyokwisha chacha haina tena pa kuchachia.

Gueuze nailaza chali, kwa sababu ina kizibo cha gome kama cha mvinyo na gome likikauka linapitisha hewa. Zamani, kabla ya lebo, chupa zilipigwa mstari mweupe wa chokaa ili mtu ajue upande gani ulikuwa juu, asije akaigeuza na kuvuruga mashapo. Mimi napiga mstari huo kwa rangi iliyobaki tulipopaka dirisha. Za kizibo cha bati zote nazisimamisha, mashapo yakae chini na eneo la bia linaloguswa na hewa liwe dogo. Mwezi na mwaka naandika juu ya kizibo kwa maka peni, kwa sababu unyevu wa mle ndani unakula lebo mpaka zinabanduka zenyewe.

Mwanga ndio adui mwingine, na ni wa haraka kuliko joto. Miali ya jua, hata ya taa nyeupe za dukani, inavunja vitu vichungu vya hopsi na kuzaa kemikali yenye salfa inayonuka kama kicheche aliyechokozwa. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa, ya kijani kidogo sana, nyeupe haizuii kitu. Kwa hiyo chupa ya kijani iliyopangwa dirishani dukani siinunui hata ikipunguzwa bei nusu. Kwenye stoo taa yetu ni moja, naiwasha nikishuka na kuizima nikipanda, na kreti za juu nimezifunika gunia.

Siku ya kufungua naipandisha chupa tangu asubuhi, imesimama, bila kuitikisa. Nyeusi hizi haziendi kwenye friji. Naziacha na ubaridi wa stoo. Namimina kwa mkono mmoja bila kusimama mpaka wingu la mashapo linapokaribia shingo, kisha nasimamisha. Baba Neema anakunywa hilo wingu peke yake kwenye glasi ndogo, anasema ni vitamini. Ni kweli lina vitamini B, na ni kweli pia kwamba kesho yake tumbo lake linaongea.

Mnaonisoma mkiwa Dar, Tanga au Mombasa mtauliza, na sisi je? Chumba cha nyuzi 30 hakilazi bia, kinaipika. Ukiletewa Orval au Rochefort na mgeni, iweke chini kabisa kwenye friji, ikae gizani na kimya, na uinywe mwaka huohuo. Kabati la chumba chenye AC linafaa tu kama AC haizimwi, na bili ya LUKU mnaijua wenyewe. Wenye bahati ni watu wa Njombe, Makete na Lushoto juu kule, ambako chumba kisicho na dirisha la jua kinajipoza bila msaada wa umeme. Mtu wa huko nunua stauti nzito kumi na mbili za siku moja, andika tarehe kwenye vizibo, na kila baada ya miezi miwili fungua moja. Ikianza kuonja boksi, alika watu umalize zilizobaki jioni hiyohiyo.