Mzinga Ambao Sikuukuta Kigoma

Tabora ukiulizia mzinga, unaelekezwa kwa warina asali. Mama mmoja anayeuza asali karibu na stesheni alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Wa gogo au wa kisasa?" Nilipomwambia nautafuta mzinga wa vita, alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Huo, mwanangu, kawaulize wanajeshi." Lakini akanionyesha wa kwake, umelala chini ya meza: gogo lililotobolewa toka mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili zimezibwa. Nililiangalia nikaona, aisee, ukizibua upande mmoja na badala ya nyuki ukatia baruti, hakuna haja ya kutafuta jina jipya.

Nikanunua chupa ya asali, nikapanda treni.

Mzinga niliokuwa naufuata ulipita kwenye njia hii hii ya reli. Ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, ambayo mabaharia wake waliizamisha wenyewe Rufiji mwezi Julai 1915, baada ya kuchakazwa na Waingereza. Mizinga yake mikubwa 10 ikaopolewa na kusambazwa kwenye mapigano ya nchi kavu. Mmoja ukaletwa Kigoma, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen. Meli yenyewe nayo ilikuja kwa treni! Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, na kuunganishwa upya ufukweni mwa Tanganyika. Ndiyo hii tunayoiita MV Liemba.

Kati ya Urambo na Kaliua jirani yangu alikuwa ameshalala, nami nikatoa kalamu. Tundu la mtutu lilikuwa na upana wa sentimita 10.5, na urefu wa mtutu ni mara 40 ya upana huo. Mita 4.2. Kwa nini mrefu hivyo? Baruti ya kale, ile ya shura, mkaa na salfa, huwaka kwa pupa na kutoa moshi mzito; mtutu mrefu hauifaidishi sana. Baruti isiyo na moshi, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, huungua kwa mpangilio, na gesi yake inaendelea kulisukuma kombora mpaka linapofika mdomoni. Humo ndani kuna mifereji iliyopinda kama parafujo, inayolizungusha kombora ili lisipinduke hewani. Mzinga ule ulirusha kombora la kilo 17 hivi umbali wa kilomita 12.

Kigoma, mlinzi wa getini alinikatalia kwa upole kabisa. Meli nikaiona kwa mbali tu, imetulia, na wala haina dalili kwamba iliwahi kupigana. Nikaenda zangu Kibirizi.

Mzee mmoja mvuvi alikubali kunizungusha kidogo na mtumbwi wake. Tuliporudi, sikungoja ugote mchangani. Nikaruka. Mtumbwi ukarudi nyuma, nami nikatua majini mpaka kiunoni, simu mkononi juu kama bendera.

"Ukiuruka, nao unakuruka," mzee akasema, hata hacheki.

Nikiwa nakamua suruali nikamwambia hiyo ndiyo habari ya mzinga. Kombora likienda mbele, mtutu unarudi nyuma. Ule mtutu ulikuwa na tani moja na nusu hivi, na kombora lilitoka kwa karibu mita 700 kwa sekunde. Mtutu ulioachwa huru ungerudi kwa zaidi ya mita 7 kwa sekunde, umzoe aliye nyuma yake. Kwa hiyo hufungiwa silinda zenye kimiminika kinachokamuliwa kupita kwenye vitundu vidogo, ule mshindo ukaishia humo, kisha springi zinaurudisha mahali pake. Boti mbili za Waingereza zilizokuja kupigana hapa ziwani, zilizoitwa “Mimi” na “Toutou”, zilikuwa na urefu wa mita 12 tu, na vizinga vyake vya mbele viliweza kupigwa kuelekea mbele peke yake. Kwa ubavu zingeumia zenyewe.

"Na huo wa Mjerumani uko wapi?"

Nikamwambia unaoweza kuonekana leo kati ya wale 10 ni kama ule wa Fort Jesus, Mombasa, au wa Pretoria. Wa hapa Wajerumani waliung'oa mwaka 1916 wakaupeleka vitani nchi kavu, na nafasi yake wakaweka wa bandia ili adui asijue. Julai 26 mwaka huo wakaizamisha meli yao, injini wamezipaka grisi nzito. Waingereza wakaja kuiibua 1924.

"Wa bandia wa nini?"

"Wa mbao, mzee."

Akatua kasia chini, akanitazama. "Kumbe wa gogo."