Kikokotoo cha intigresheni pale Majengo

Mwaka niliokuwa nasubiri kwenda chuo nilikaa kwa dada, Majengo, Moshi, na mchana nilimsaidia shemeji kwenye stesheneri yake. Wateja wa kutoa kopi wakipungua, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya dukani. Nikaamua kutengeneza kikokotoo cha intigresheni, yaani hesabu ya kutafuta eneo lililo chini ya mchoro wa fankisheni, mada iliyotutesa sisi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) kuliko zote. Kikokotoo cha shuleni kinakupa namba. Mimi nilitaka kinachoshughulika na herufi zenyewe: niandike x², kinirudishie x³/3.

Dirisha halikunisumbua. Tkinter, zana ya kuchora madirisha, inakuja pamoja na Python, kwa hiyo kisanduku, kitufe na sehemu ya jibu vilisimama mapema. Hesabu niliiachia SymPy, maktaba ya bure ya Python inayofanya hesabu za herufi. Kazi ilikuwa kusoma alichoandika mtu. Mwanafunzi wetu anaandika 2x. Python inataka 2*x. Niliona ni haki programu ndiyo ijifunze, si mwanafunzi, nikachimba ndani ya SymPy hadi nikapata namna ya kuifanya itambue kuzidisha kusikoandikwa. Alama ya C, ile namba isiyobadilika inayoongezwa mwishoni mwa jibu, nayo niliiongeza mwenyewe, maana SymPy haiiweki.

Kitufe nilichokipenda zaidi nilikiita Hakiki. Kuintigreti kunataka ujanja: mara ubadilishe kigeu, mara utumie sehemu kwa sehemu, na huna uhakika njia ipi itafika. Kudifarenshieti, ambako ni kinyume chake na hukurudisha kwenye swali, ni kufuata kanuni tu mpaka mwisho. Basi Hakiki ilichukua jibu, ikalidifarenshieti, ikapunguza humo swali la mwanzo, na kama tofauti ilikuwa sifuri ikaandika "Sahihi". Mpaka leo naamini mashine inayotoa jibu inapaswa kukuonyesha pia namna ya kulipima.

Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu za kidato cha tano na sita. Jioni moja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nasikia una mashine ya kuintigreti. Hebu."

Alianza na x sin x. Ikatoka. Akabonyeza Hakiki mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavuta kiti, akaandika taratibu exp(-x^2), yaani e yenye kipeo −x², akanitazama. Nilijua ananipima. Fankisheni hiyo inaonekana nyepesi, lakini intigrali yake haiandikiki kwa vipeo, logi, sine na ndugu zao. Mfaransa Joseph Liouville alijenga nadharia ya kuthibitisha mambo ya namna hiyo katika miaka ya 1830. Mwalimu alitaka kuona kama mashine itadanganya.

Ikajibu: kipeuo cha pili cha pai, mara erf(x), gawanya kwa mbili.

"Erf ndiyo nini?"

Nikamweleza nilivyosoma: kwa kuwa intigrali hiyo haina umbo jingine, wanahisabati waliipa jina lake, kama vile sine ilivyo na jina lake. Wanaitumia sana kwenye takwimu. Akanyamaza akiisoma, kisha akabonyeza Hakiki. Ikaandika "Sahihi". Sijawahi kufurahi vile mbele ya kompyuta.

"Sasa weka mipaka," akasema. "Sifuri mpaka infiniti."

Visanduku vya mipaka sikuwa navyo. Nikaviandika palepale, yeye akisubiri, shemeji akihudumia wateja peke yake bila kunung'unika. Katika SymPy infiniti huandikwa kwa o mbili. Jibu likatoka: kipeuo cha pili cha pai, gawanya kwa mbili. Mwalimu akalifikia jibu hilohilo kwa kalamu, nyuma ya kopi yake, akipitia duara na pembe.

Akaikunja karatasi. "Kwenye mtihani hawakupi maksi za jibu tupu, mwanangu. Nataka hatua."

SymPy ina sehemu inayointigreti kwa kanuni za darasani na kutaja kanuni iliyotumika. Kesho yake asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nilikuwa ninaisoma.