Siku moja maishani mwangu: ticha wa gredi ya tatu, wiki ya hali ya hewa

Watu wakisikia nafunza gredi ya tatu huwa wananiambia "ai, si hiyo ni kuimba na kuchora jua tu." Haya basi, wacha niwaonyeshe hilo jua linavyochorwa. Hii ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu, masika ndio yanaingia, na wiki yote tulikuwa kwa mada ya hali ya hewa. Shule ni ya serikali huku Eastlands, Nairobi, sitaji gani, darasa lina watoto sabini na kitu na madawati ambayo mtu aliyapanga akifikiria watoto arobaini.

Saa kumi na moja asubuhi
Kuamka, chai, kuamsha wangu, kutafuta soksi moja ambayo kila siku hupotea. Nikifungua mlango huwa natazama juu kwanza. Anga safi, baridi kidogo. Mwezi wa tatu anga safi alfajiri usiiamini.

Saa kumi na mbili na robo
Niko stejini na gunia la chupa za plastiki. Niliomba wazazi kila mtoto alete chupa moja ya lita mbili, zikaja chache sana, kwa hivyo zingine nimeokota mwenyewe kwa jirani wa duka. Konda akaniangalia juu chini, "mathe, hizo unapeleka kilo?" Nikamwambia ni za shule. Akanichaji kiti cha gunia.

Saa moja hadi saa tatu
Paredi, kufagia, majina, Kiingereza, hesabu. Vipindi vyetu ni dakika thelathini, na kumi za kwanza ni za kutuliza watu na kutafuta penseli.

Saa tatu kamili
Hapa ndio napenda kazi yangu. Saa tatu asubuhi ndio saa ya kusoma kipimamvua, na si mimi nimeamua, hata vituo vya idara ya hali ya hewa, ambayo makao yake makuu yako pale Dagoretti Corner, mvua ya saa ishirini na nne zilizopita husomwa saa hiyo hiyo. Niliwaambia watoto hivyo siku ya kwanza na tangu hapo wanatembea kwenda uwanjani wakijishikilia kama maafisa.

Kipimamvua chetu ni chupa iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa ikawa faneli ya kuingilia maji, rula imebandikwa kando na seloteipu. Chini unaweka mawe ndio isiangushwe na upepo, halafu unamimina maji mpaka alama ya sifuri kwa sababu matako ya chupa ya soda hayako sawa, yana mabonde, ukianza kupima kutoka chini kabisa unajidanganya. Na lazima ikae mahali wazi, mbali na ukuta na miti. Shida ya mahali wazi ni kwamba hata gredi ya sita wanapaona. Jumanne tulipata milimita nyingi ajabu na usiku hakukuwa na hata tone, watoto wakainama, wakanusa, msichana mmoja akatangaza, "Ticha, hii ni uji." Tukaandika kwa daftari: uji.

Leo ilikuwa mvua ya ukweli, ile ya jana alasiri. Milimita ishirini. Sasa ukiwaambia watoto "milimita ishirini" wanakuangalia tu, wanaona ni kitu kidogo kama kucha. Kwa hivyo nikawafanyia hivi: mvua ya milimita moja ikianguka kwa mraba wa mita moja kwa mita moja, hiyo ni lita moja ya maji. Paa la darasa letu ni kama mita hamsini za mraba. Ishirini mara hamsini, elfu moja. Lita elfu moja! Na mtungi wa kununua maji ni lita ishirini, kwa hivyo jana pekee mitungi hamsini ilimwagika kutoka kwa mabati yetu ikaenda kwa mtaro. Hapo wakapiga kelele mpaka ticha wa darasa lingine akatoa kichwa. Hawa watoto wanajua mtungi. Wanajua bei yake, wanajua foleni yake, wengine ndio hutumwa. Kijana mmoja akauliza, "sasa mbona hatuna gata?" Nikamwambia hilo swali apelekee mwalimu mkuu, na ningependa sana apeleke.

Upepo ulichukua dakika mbili tu za kubishana, manake mshale wa karatasi unaelekea kule upepo unatoka na kila mtoto anataka uelekee kule upepo unaenda.

Saa nne na nusu
Mapumziko, uji (ule wa kunywa), na mimi nilikuwa nimepanga nikae dakika kumi. Soja akaja kuniita, kuna mzazi getini. Wacha nimwite Mama Mtoto.

Sasa niwaeleze hii kitu vizuri. Jumatatu niliwapa watoto chati ya wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi na alasiri. Kazi yenyewe ni rahisi: unatoka nje, unaangalia, unachora ulichoona. Jua, wingu, mvua, upepo. Jumatano nikakusanya niangalie wamefika wapi. Ya mtoto wake ilikuwa imejaa yote. Mpaka Ijumaa. Majua kumi, yamepigwa duara na kitu kama kifuniko cha mtungi, miale imenyooshwa na rula, krayoni haijatoka nje ya mstari hata kidogo. Jumatano alasiri, jua. Ile Jumatano ya milimita ishirini, hapo nyuma ya shule maji yalipita na viatu. Nikampa AE, anakaribia matarajio (juu yake kuna ME, anafikia matarajio, halafu EE, anazidi matarajio), nikaandika chini kwa upole: tafadhali mwache mtoto achore mwenyewe, siku kwa siku.

Mama Mtoto alikuja na hiyo chati ndani ya plastiki safi kama hati ya shamba.

"Mwalimu, leo hatusalimiani, niambie tu, hii AE ni ya nini? Hii kitu nilikaa nayo mpaka saa tano usiku!"

Nikamwambia, "Mama, hapo ndio shida iko. Ulikaa nayo wewe."

Hakusikia. Akaanza na CBC, huu mtaala wa umilisi, vile unatutesa, leo chupa, kesho manila, juzi mlitaka kokoto, kwani hii shule inajenga. Sikubishana hapo kwa sababu kwa kokoto ana haki. Akaniambia anauza mitumba Gikomba, anatoka nyumbani kabla kuche na kurudi ni saa tatu usiku, sasa hiyo mvua ya alasiri yeye ataionea wapi? Nikamwambia mama, si wewe unaionea, ni mtoto, ana macho, tena mazuri. Akasema mtoto akiachiwa atachora vibaya. Nikasema achore vibaya. Hiyo sentensi ilimuuma kuliko AE yenyewe.

Nikaita kijana. Nikamuuliza, jana alasiri kulikuwa aje? "Kulinyesha ticha, nikanyeshewa mpaka vitabu." Na hapa tumechora nini? "Jua." Kwa nini? Akamwangalia mamake, akaniangalia, akasema, "Mami alisema tumalize zote ndio tulale, na jua ni rahisi."

Mimi nilikuwa karibu nicheke, mama hakuwa karibu. Akanigeukia na nakubali alikuja na swali zuri kuliko la walimu wengine: "Na hao watu wa TV kila usiku si wanasema kesho itakuwa hivi na vile? Wao wanapewa AE na nani?"

Nikapumua. Nikamweleza, mama, hao kwanza hupima. Kila siku, saa zile zile, miaka na miaka, wanaandika kilichotokea hata kama kimewaaibisha. Halafu ndio wanatumia hayo yote kukisia ya kesho, na wanaita utabiri. Hakuna siku wanachukua daftari la vipimo Jumatatu wanajaza mvua ya Ijumaa. Utabiri ni kitu kimoja, rekodi ni kitu kingine, na hii chati ni rekodi. Akanyamaza kidogo nikadhani tumeelewana. Akasema, "Sawa, lakini nataka ME."

Tukaenda kwa mwalimu mkuu. Kengele ilikuwa imelia kitambo, darasa langu nalisikia kutoka ofisini, sabini na kitu bila ticha, sauti yake ni kama soko. Mama Mtoto akaeleza tena kuanzia kokoto. Mwalimu mkuu amechoka, ana barua za kujibu, akanivuta kando akaniambia pole pole, "Si umpe tu ME tuendelee na kazi?" Hapo ndio nilichoka kabisa, kuliko kusimama, kuliko kelele. Kwa sababu nikimpa ME nimefunza darasa zima kwamba jana haikunyesha. Nikakataa. Nikatoa chati mpya kwa begi, nikampa kijana mbele yao, nikamwambia anza leo, ukikosea ni sawa, mradi umetoka nje. Mama akachukua ile yake ya majua kumi, akairudisha kwa plastiki, akaniambia tutaonana siku ya wazazi. Tutaonana.

Kipindi kikawa kimeenda. Sikula hata uji.

Mchana
Chakula cha Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shule, foleni, mikono kunawa, nikasahihisha nikiwa nimesimama. Mtoto mmoja akaniuliza mbona kitabu kinasema ikweta ni joto na sisi Julai tunavaa sweta mbili, nikamwambia Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hiyo miezi mawingu hufunika jua siku nzima. Akasema "ooh" akaenda kucheza. Hiyo ndio ilikuwa kipindi changu kizuri zaidi leo na ilikuwa kwa foleni ya mchele.

Saa nane hivi
Kwa haki gredi ya tatu ingekuwa imeenda nyumbani, lakini wazazi wengi wako kazini, utamwachilia mtoto aende wapi, kwa hivyo tunakaa nao. Asubuhi yote jua limechoma ardhi iliyolowa jana, na kufika saa nane mawingu ya upande wa Ngong yalikuwa yamepanda juu kama koliflawa, chini meusi. Nikawaambia watoto angalieni, hiyo ndio hewa yenye joto na unyevu inapanda, ikifika juu kwenye baridi mvuke unageuka matone. Nilikuwa nimeanza tu kuchora hiyo mishale ubaoni. Radi. Wakaruka. Nikawafunza kuhesabu kutoka mwanga mpaka mngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Tukahesabu tukafika tisa. Kilomita tatu. Halafu sita. Halafu hatukuhesabu.

Kama hujawahi kufunza chini ya mabati mvua ikipiga huwezi nielewa. Mdomo unaenda, hakuna kinachotoka. Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza, nikaacha, nikaandika ubaoni: ANDIKA UNACHOONA. Maji yanaingia chini ya mlango, tukasogeza madawati ya nyuma, ambayo hayana pa kusogea. Dari inavuja pale pale ilipovuja mwaka jana.

Katikati ya hiyo yote msichana wa karibu na dirisha akaanza kulia. Si radi. Kwao ni kando ya Mto Ngong, na mafuriko ya 2024 yalichukua nyumba na godoro na kila kitu, wakalala kanisani. Mnakumbuka kufungua shule kuliahirishwa mpaka tukafungua tarehe 13 Mei. Kitabu kina ukurasa mzima, "faida za mvua", kuna picha ya mahindi. Nikaenda nikakaa naye, na mvua ilipopungua tukaongea na darasa lote juu ya mambo ambayo hayako kwa huo ukurasa: maji yakipanda unaenda juu sio kuangalia mto, usivuke maji usiyoona chini yake hata kama wakubwa wanavuka, usisimame chini ya mti wakati wa radi, usiguse waya ulioanguka. Wale wa kando ya mto ndio walikuwa wanatufunza, mimi nilikuwa naandika tu.

Halafu sijui saa ngapi
Wazazi wamechelewa, barabara imejaa maji, mtoto wa mwisho alichukuliwa giza likiingia. Stejini nauli ya hamsini ni mia, ukiuliza konda anakuonyesha angani. Nikasimama, mguu mmoja, miguu imelowa, sauti imeisha kabisa, na mama mmoja kando yangu akiona daftari akaniambia "nyinyi walimu mnafurahia, mnatoka mapema." Nilikosa sauti ya kumjibu, hiyo ilikuwa bahati yake.

Nyumbani stima imeenda, kawaida, mvua na stima haziketi pamoja. Grupu ya WhatsApp ya wazazi ina meseji mia na kitu, kuna mmoja anauliza kama kesho ni lazima sweta. Nikasahihisha na tochi ya simu. Wengi walichora matone ya mvua yakiwa makubwa kuliko shule. Mmoja aliandika "upepo wa pande zote." Kijana wa majua kumi naye alikuwa amejaza Alhamisi alasiri peke yake, wingu kama viazi, limetoka nje ya mstari, nyeusi imepakwa mpaka karatasi ikatoboka, na chini yake kwa mwandiko wa kuku: "Saa nane mvua kubwa. Ticha anaongea lakini hatoi sauti."

EE.