Bibi na Madaftari Yake ya Majina

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, Novemba imefika, mwezi wa kuwaombea marehemu wetu, na zamu ya kuandika tafakari wiki hii imeniangukia mimi. Nilipanga kuandika juu ya toharani. Nimeshindwa. Kila nikishika kalamu namwona bibi, ambaye wengi wenu mlitusaidia kumzika mwezi Februari, siku ile mvua ilivyotukung'uta makaburini hadi padre akafupisha mahubiri. Marehemu angefurahi, maana mahubiri marefu hakuyapenda.

Tusome Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 1, mstari wa 5. Paulo yuko kifungoni, anamkumbuka kijana wake Timotheo, na anasema imani aliyo nayo ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi, kisha katika mama yake Eunike. Basi, hapo hapo Loisi anatoka. Hatajwi tena popote katika Biblia, wala hatuambiwi alifanya nini. Ila kwenye sura ya 3 Paulo anagusia kwamba Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto, na Matendo 16 inasema baba yake alikuwa Myunani. Kwa hiyo kuna mtu mle nyumbani aliyemkalisha mtoto akamfundisha. Mimi kura yangu nampa bibi, ingawa Paulo hasemi.

Angalieni neno lenyewe: ilikaa. Mgeni hupita, mwenyeji hukaa. Najiuliza imani ikikaa ndani ya mtu mnaijuaje, na jibu pekee nililo nalo ni bibi yangu.

Alianza kufundisha mwaka 1966, mwalimu wa daraja C, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa na darasa la kwanza hapa Tabora. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, bibi alipewa pia darasa la kisomo, jioni, chini ya mwembe. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa baba yake mzazi, kibarua wa reli aliyekuwa akipokea mshahara kwa kuweka dole gumba. Nyumbani alimwamkia shikamoo. Chini ya mwembe alimrudishia ubao afute aandike upya. Baadaye ikaja UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, watoto wakajaa hadi wengine wakakaa sakafuni. Na kila Nyerere alipotajwa redioni, bibi hakukosa kutukumbusha kuwa naye alifundisha hapa hapa mjini, shule ya Mtakatifu Maria, kabla ya siasa. Alilisema kana kwamba walikuwa ofisi moja.

Daftari la mahudhurio ni mali ya shule. Kwa hiyo kila mwaka alinunua daftari lake la mistari na kunakili majina yote kwa mkono. Alipostaafu alikuwa na sanduku la bati limejaa madaftari hayo. Kila alfajiri, akimaliza rozari, alifungua ukurasa mmoja na kusoma majina kwa sauti, moja moja, akinyamaza kidogo baada ya kila jina. Nililala chumba kile kile. Asubuhi moja, utoto tu, nikaitika kutoka kitandani: "Nipo!" Hakucheka. Akasema, "Wewe si wa darasa hili," akaendelea na jina lililofuata.

Sasa niwaambie jambo ambalo wengine hamkulisikia kwa sababu mlikuwa jikoni siku ya msiba. Alisimama mzee mmoja kutoka upande wa Sikonge, akaomba kusema. Alisema bibi alimchapa akiwa mtoto, viboko vya mikononi, kwa kosa la kusinzia darasani. Wanaojua kilimo cha tumbaku wataelewa: ulikuwa msimu wa kukausha, na yeye usiku kucha alikuwa akichochea moto kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, la baba yake. Asubuhi akaja shule bila kulala. Bibi hakuuliza. Alichapa.

Aliyajua baadaye sana, mtoto akiwa ameshamaliza shule. Alipostaafu akapanda basi, akaulizia mpaka akafika kwa yule mtu, ambaye tayari alikuwa na familia yake, akamwomba msamaha mbele ya mkewe. Nilidhani mzee atatuambia walikumbatiana. Hapana. Alisema alimpa chakula, akampa maji ya kunawa, akamsindikiza stendi, lakini msamaha hakumpa. Ilimchukua miaka miwili. Msimu wa tatu alimtuma kijana alete dumu la asali la lita tano, na tangu hapo asali ilikuja kila mwaka. Asali hiyo tumeila sana, na hatukuwahi kuuliza inatoka wapi.

Nilikwenda kulitafuta daftari la mwaka ule. Jina lake lina alama ndogo ya kalamu nyekundu pembeni. Jina hilo bibi alilisoma alfajiri baada ya alfajiri, hata katika ile miaka miwili, hajui kama atasamehewa. Nikisoma "ilikaa" siku hizi, hapo ndipo mawazo yangu yanakwenda.

Nimejaribu kuendelea na madaftari hayo. Nakiri kwenu kwamba nasoma haraka haraka kama karani, na ule ukimya baada ya jina unanishinda.

Jumamosi tunasali kwa mama mwenyekiti, saa 12 asubuhi. Kila mmoja aje na karatasi ya majina kwa ajili ya misa ya marehemu, na tafadhali ongezeni waliowafundisha kusoma, hata waliowachapa. Andikeni majina kamili. Katekista amelalamika kwamba mwaka jana tulipeleka "Babu", "Mama Mdogo" na "Bibi wa Ipuli", padre akabaki anakodoa macho altareni. La kwangu nimeshaliandika, majina yake yote matatu. Nimerudia mara mbili kwa sababu mwandiko haukukaa kwenye mstari.