Waifai ilivyokubali kwenye Linux niliyomtengenezea shangazi

Nina miaka 16, naishi Kayole. Nimeunda Linux nyepesi (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows) juu ya Debian 12, toleo mojawapo la Linux, menyu kwa Kiswahili, ili shangazi aitumie kwenye laptopu kuukuu aliyoinunua barabara ya Luthuli, Nairobi. Iliwaka vizuri kutoka kwenye flashi, ila waifai haikuonekana kabisa. Iliniuma, anayeanza akikosa intaneti siku ya kwanza, hairudii tena.

Amri ya kusoma ujumbe wa mfumo, `sudo dmesg | grep iwlwifi`, ilionyesha kwamba faili ya kuendeshea kadi ya waifai ya Intel haipo. Kosa langu: kwenye live-build, zana niliyotumia kuunda mfumo huu, niliweka sehemu ya vifurushi ya `main` pekee, ilhali tangu toleo hilo la 2023 Debian huweka faili hizo kwenye sehemu yao ya pekee, `non-free-firmware`. Nikaandika:

`lb config --archive-areas "main contrib non-free-firmware"`

Nikaongeza `firmware-iwlwifi` kwenye orodha ya vifurushi, nikafuta ujenzi wa awali kwa `sudo lb clean`, nikaunda upya kwa `sudo lb build`. Jioni shangazi aliuchagua mtandao mwenyewe.