Kisu cha Mpini wa Pembe

Ubishi ulianzia kwenye ribiti, ile pini ya chuma inayoshikiza vipande vya kisu. Mzee mmoja aliyekuja na lenzi yake alikigeuzageuza kisu chini ya taa, kisha akasema ribiti ya katikati si ya asili, kuna mtu aliitoa akapiga nyingine. Mwenzake akakichukua mkononi mwake bila kuomba. "Achana na ribiti," akasema. "Sikiliza springi."

Tulikuwa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, vuli ya mwaka 2022. Nilikuwa nasoma huko, na mzee aliyenipangisha chumba alikuwa fundi mstaafu wa visu vya mfukoni, kazi aliyoianza akiwa mvulana. Mara kwa mara wakusanyaji wenzake walikuja nyumbani, wakatandika kitambaa kwenye meza ya jikoni na kila mmoja akatoa alivyokuja navyo. Jumamosi ile mzee aliniita nami nikae.

Mimi ni mtoto wa Tabora. Kisu cha kukunja nilichokijua ni kile cha dukani, ambacho hulegea kabla ya mwezi kwisha. Nikauliza kwa nini vile vya mezani, vingine vina umri zaidi ya miaka mia, havijalegea. Mzee wangu alifurahi sana kuulizwa. Akanyanyuka, akaleta kisu kisichomalizika, upande mmoja wa mpini haujafunikwa, akakiweka mbele yangu.

Vitu vyenyewe ni vichache. Kuna vipande viwili vyembamba vya shaba ya manjano, na katikati yao imelala springi, ukanda wa chuma unaofanya mgongo wa kisu. Bapa linazunguka kwenye ribiti iliyopita ndani ya noleo, kile kipande cha madini kinachokaa mwisho wa mpini. Springi imepindwa kidogo tangu awali, kwa hiyo hata kisu kikitulia inaendelea kuukandamiza msuka wa bapa, kile kitako chake kinachoingia kwenye mpini. Hakuna kufuli. Kinachoshikilia bapa ni ule mkandamizo peke yake, na pembe za msuka zilivyochongwa.

Akachukua tupa, akanionyesha. Unapiga tupa kwenye msuka mara chache, unaunganisha vipande kwa pini za muda, unafungua, unatazama mgongo. Springi ikichomoza hata unene wa karatasi, unakifungua kisu chote na kuanza tena. Inatakiwa ilale sawasawa na shaba bapa likiwa wazi, ilale sawasawa likiwa limefungwa, na kwa fundi wa kweli ilale sawasawa hata likisimama nusu. Alinishika kidole gumba akakipitisha mgongoni mwa kisu cha mwaka wa zamani, mara tatu, kwa hali zote tatu. Sikuhisi ngazi yoyote. Kisha akakifunga karibu na sikio langu, na mlio ukawa mmoja, mfupi, mkavu. Wao husema kisu kizuri kinatembea na kinaongea. Tangu siku ile sijaweza kushika kisu cha kukunja bila kupitisha gumba mgongoni kwanza, na naamini hiyo ndiyo njia ya kweli ya kukipima kabla hujatazama urembo wa mpini.

Jina lililotajwa kwa heshima kubwa mezani lilikuwa la Stan Shaw, aliyefariki mwaka 2021. Alianza kazi akiwa na miaka 14 na hakuwahi kuacha kutengeneza visu kwa mkono, vingine vikiwa na mabapa mengi mno, kila moja na mahali pake pa kulala. Sheffield ilikuwa na maelfu ya mafundi wa namna hiyo. Chama chao kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624 na bado kipo, lakini wenye kujua kazi yote ya kisu cha mfukoni, tangu bapa hadi ribiti ya mwisho, wamebaki wachache wa kuhesabika.

Mgeni kutoka Pennsylvania alikuja na visu vya Case, kampuni ya kwao Bradford. Kwake kisu kinasomwa kwa namba. Alinipa kimoja kilichopigwa 6254 akanifundisha: 6 ni mpini wa mfupa uliochongwa mikwaruzo, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni muundo wenyewe, ule wa watega wanyama. Mwaka 1970 kampuni ilianza kupiga nukta 10 chini ya jina lake na kupunguza moja kila mwaka, hata 1979 ikabaki moja. Kwa hiyo ukihesabu nukta umepata mwaka. Wazee wa Sheffield walimsikiliza kwa adabu, lakini mapenzi yao yalikuwa kwa bapa la mguu wa kondoo: makali yaliyonyooka kama rula na mgongo unaoinama polepole kwenda nchani, lisilo na ncha ya kuchoma, zuri kwa kamba na kwato.

Sasa, kile kisu cha ribiti. Kilikuwa cha Joseph Rodgers, kampuni ya visu ya Sheffield, chenye nyota na msalaba wa Malta, na herufi V na R zenye taji katikati, alama ya enzi za Malkia Victoria. Mpini wake ulikuwa mweupe ulioanza kuwa wa rangi ya maziwa mgando. Yule mwenye lenzi alinipa nitazame. Mfupa, akaniambia, una vidoa vidogo vyeusi, njia za damu za zamani. Hapa hapakuwa na kidoa. Kulikuwa na mistari myembamba inayopinda kidogo, haifanani mmoja na mwingine. Pembe ya ndovu.

Mwenye kisu alikuwa anahitaji fedha, naye alitaka kukiuza. Lakini sheria ya Uingereza ya kuzuia kuuza pembe za ndovu ilikuwa imeanza kufanya kazi mwezi Juni mwaka ule. Kitu cha kabla ya 1947 kinaweza kusajiliwa na kuuzwa ikiwa pembe haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, na mpini ule, pande mbili nzima, ulizidi kiasi hicho. Mtu mmoja akapendekeza ung'olewe na kuwekwa mfupa wa ng'ombe. Wengine wakaanza kujadili nani angeifanya kazi hiyo vizuri.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyozoea mbele ya wazee. Niliwaambia natoka Tabora, Unyanyembe ya zamani, na kwamba pembe nyingi zilizofika Ulaya karne ile zilipita kwetu mabegani mwa watu, zaidi ya kilomita 700 hadi Bagamoyo, zikavuka Unguja, zikaingia minada ya London. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, karibu kilo 32, kwa miezi. Mmoja akauliza, kwa upole, kama hao hawakuwa watumwa. Nikamjibu kwamba utumwa ulikuwepo na uliumiza wengi katika njia ileile, lakini wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira, na kijana aliyefika pwani akarudi alihesabiwa mwanamume. Ndovu alikufa, watu walichoka, na ushahidi uliobaki uko mezani hapa. Mkiung'oa mtautupa wapi?

Sheria iliyozuia kuuza haikuzuia kutoa zawadi wala kurithisha. Mwenye kisu alikaa kimya, kisha akasema atamwachia mjukuu wake wa kike, na fedha atazitafuta kwa visu vingine. Mzee wangu akanunua viwili vyake palepale bila kuvutana bei.

Kisha mwenye kisu akanisukumia kadi na kalamu. Alitaka niandike safari ile ili ikae pamoja na kisu, na nimwandikie Unyanyembe herufi kwa herufi. Nikaandika: Tabora (Unyanyembe), Bagamoyo, Unguja, London, Sheffield. Yule mwenye lenzi akainama akasoma, akasema Rodgers walinunua pembe kutoka pande nyingi, Afrika Magharibi na India pia, na kadi inayodai kisichojulikana ni mbaya kuliko ribiti iliyobadilishwa. Alikuwa na haki. Nikaongeza "huenda" mbele ya Tabora, akatikisa kichwa kukubali, na Mmarekani akatoa kisu kingine.