Taa za Kuvukia Barabara kwa Sisi Tusioona

Watu wengi wenye macho hudhani kwamba asiyeona huvuka barabara kwa kujitolea mhanga tu, au kwa huruma ya wapita njia. Sivyo. Tunaotembea na fimbo nyeupe tumefundishwa kuyasikiliza magari: yanayokatiza mbele yetu yakisimama, na yaliyo sambamba nasi yakaanza kuondoka, ndipo nasi tunapoingia barabarani. Huo ni ujuzi halisi na ninauheshimu, lakini njia panda za miji mikubwa zimebadilika kiasi kwamba sikio peke yake halitoshi tena.

Chukua New York. Katika makutano mengi ya jiji hilo, waenda kwa miguu huwashiwa taa sekunde chache kabla ya magari ya upande wao, ili madereva wanaokata kona wawakute tayari wako barabarani na kuwaona. Mpango huo ni mzuri na ninauunga mkono. Ila asiyeona, ambaye bado anasubiri ngurumo ya magari, hukosa sekunde hizo na kuanza kuvuka wakati uleule magari yanapokata kona. Panapokuwa na taa zinazosimamisha magari ya pande zote ili watu wavuke, ngurumo ya kumwongoza haipo kabisa, na magari ya umeme yamezidisha ukimya.

Mwaka 2018 chama cha wasioona, American Council of the Blind of New York, kililishtaki jiji hilo. Oktoba 2020 Jaji Paul Engelmayer aliamua kwamba jiji lilikuwa limevunja sheria za Marekani zinazowalinda watu wenye ulemavu, kwa kuwa kati ya makutano zaidi ya 13,000 yenye taa za waenda kwa miguu, yasiyofika asilimia 4 ndiyo yaliyokuwa na vifaa vya kumjulisha asiyeona wakati wa kuvuka. Amri iliyofuata, Desemba 2021, ililitaka jiji kuyawekea yote vifaa hivyo ifikapo 2036, chini ya msimamizi huru. Sheria kuu iliyotumika ni ya mwaka 1990. Miaka 46 ya kusubiri haki ya kuvuka barabara ni mingi mno.

Kifaa chenyewe kimefikiriwa vizuri. Mlio mdogo unaorudiwa kila sekunde humwonyesha mtu nguzo ilipo, wala haumruhusu kuvuka. Mkono ukifika kwenye kitufe, vidole hukuta mshale ulioinuka unaoelekea ng'ambo; ruhusa ikitoka, mshale hutetemeka na mlio huwa wa harakaharaka. Mtetemo huo ndio tegemeo la asiyeona ambaye pia hasikii. Uingereza hutumia koni ndogo ya chuma iliyo chini ya kisanduku cha kitufe, ambayo huzunguka pale taa ya kijani inapowaka.

Ninachohofia ni ufungaji. Nguzo moja ikibeba vitufe vya barabara mbili, ni vigumu kujua ni kipi kinacholia. Ndiyo maana miongozo ya Marekani hutaka vitufe hivyo vitenganishwe kwa angalau futi 10, na isipowezekana itumike sauti inayotaja jina la barabara. Mshale uliopinda nao humpeleka mtu katikati ya makutano. Kwa hiyo ningetaka kila kitufe kijaribiwe na mtu asiyeona kabla fundi hajaondoka, na kijaribiwe tena kila mara nguzo inapogongwa na gari na kusimikwa upya.